Ruta ya nyumbani: Jinsi ya kupata ya bei nafuu bila kununua mara mbili

Nyumba yenye simu nne, kila moja ikiwekewa bando la Sh50 kwa siku, hutumia Sh200 kila siku, sawa na Sh6,000 kwa mwezi wa siku 30. Hesabu ya aina hii ndiyo inayowafanya wakazi wa Kilifi kufikiria kuweka ruta moja nyumbani, ili simu zote, kipakatalishi cha mwanafunzi na televisheni vitumie intaneti ya pamoja. Huduma nyingi muhimu pia zimehamia mtandaoni: stakabadhi za serikali kwenye eCitizen, ritani za ushuru za KRA ambazo hutakiwa kufikia Juni 30 kila mwaka, maombi ya nafasi za vyuo kupitia KUCCPS na mikopo ya HELB.

Madukani kuna ruta za kila aina na za kila bei, nyingi zikiwa na nambari kubwa kwenye boksi. Mnunuzi anayeangalia bei peke yake anaweza kurudi nyumbani na kifaa kisichoweza kushika intaneti ya eneo lake, kisha alazimike kununua kingine. Anayeangalia nambari peke yake anaweza kulipia nguvu ambayo nyumba yake haitawahi kuitumia. Njia ya kuepuka hasara zote mbili ni kufuata utaratibu: kwanza kujua intaneti inafikaje nyumbani, pili kuijua nyumba yenyewe, na mwisho ndipo kuchagua kifaa.

Ruta hugawa intaneti, haiiongezi

Kazi ya ruta ni kupokea intaneti iliyofika nyumbani na kuigawa kwa vifaa vingi, ama kwa waya au kwa mawimbi ya Wi-Fi. Ni sawa na mfereji wa maji. Mfereji wa bei ghali hauongezi maji ikiwa bomba linalotoka barabarani ni jembamba.

Mkazi aliyelipia huduma ya megabiti 10 kwa sekunde, kipimo kinachoandikwa Mbps, atapata 10 hata akiweka ruta iliyoandikwa 3000. Kwa hivyo malalamiko ya "intaneti iko polepole" hayatatuliwi kila mara kwa kununua ruta mpya. Huenda kifurushi ni kidogo, huenda mtandao wa eneo umelemewa jioni, au huenda ruta imewekwa mahali pabaya ndani ya nyumba.

Kipimo hiki pia huchanganya watu. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Huduma ya megabiti 10 kwa sekunde hushusha takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili ya gigabaiti moja itachukua kama dakika 13, na hiyo si dalili kwamba mteja ameibiwa.

Intaneti inafikaje nyumbani?

Swali hili ndilo linaloamua aina ya ruta. Kuna njia nne kuu.

Ya kwanza ni fiba. Katika miji kama Mtwapa, Kilifi na Malindi, baadhi ya mitaa imefikiwa na waya wa fiba. Waya huo hupitisha mwanga na hauingii moja kwa moja kwenye ruta ya kawaida. Kampuni hufunga kisanduku chake cha kupokea mwanga, na mara nyingi kisanduku hicho tayari kina Wi-Fi ndani. Kwa hivyo mkazi wa nyumba ndogo huenda asihitaji kununua ruta yoyote. Kabla ya kwenda dukani, aulize kampuni italeta kifaa gani, kama kina Wi-Fi, na kama kitabaki kuwa chake au kitarejeshwa mkataba ukiisha.

Ya pili ni antena ya juu ya paa. Kampuni hufunga antena inayoelekea kwenye mnara wake na kushusha waya hadi ndani. Hapa ruta ya kawaida yenye tundu la waya lililoandikwa WAN au Internet hutosha.

Ya tatu ni mtandao wa simu, yaani 4G au 5G. Ruta ya aina hii ina tundu la laini ya simu. Ndiyo njia inayowafaa wengi walio mbali na miji, kwa mfano sehemu za Ganze na Magarini, ambako nyumba ziko mbalimbali na waya wa fiba haujafika. Ndiyo pia inayowafaa wapangaji wanaohama mara kwa mara, kwa kuwa ruta huhamishwa pamoja na vyombo.

Ya nne ni setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma nchini Kenya mwaka wa 2023, na vifaa vyake huja na ruta yake. Hufika hata pasipo na mnara, lakini sahani yake huhitaji anga wazi lisilozibwa na minazi au miembe.

Kosa linalogharimu wanunuzi wengi huanzia hapa. Ruta ya waya na ruta ya laini hufanana kwa sura, na zote zina antena mbili au nne. Ile isiyo na tundu la laini haiwezi kutumia intaneti ya simu kwa kuwekewa laini, hata ikiwa mpya na ya bei ya juu. Vilevile, ruta za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya simu ya mezani huwa na tundu dogo la waya wa simu. Hizo zikiuzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni kwa sababu hazina tena njia ya kutumika.

Simu ndiyo kipimo cha bure

Kabla ya kununua ruta ya laini, mkazi anaweza kupima mtandao wa eneo lake bila kutumia zaidi ya bando la kawaida. Anachukua simu ya 4G yenye laini ya mtandao anaoutaka, anaiweka mahali ambapo ruta itakaa, kisha anawasha huduma ya kugawa intaneti kwa simu nyingine. Apime kasi asubuhi, na apime tena kati ya saa mbili na saa nne usiku wakati watu wengi wako mtandaoni. Afanye hivyo kwa laini za mitandao miwili au mitatu, hata kama ni kwa kuazima za jamaa na majirani.

Mtandao unaosifiwa mjini huenda usiwe bora kijijini. Minara haikuwekwa sawa, na kilima kimoja au bonde moja hubadilisha hali. Jaribio la siku mbili humwonyesha mkazi mtandao upi unafaa nyumba yake kuliko tangazo lolote.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ya kuuliza kuhusu kifaa chenyewe.

La kwanza ni bendi. Kila mtandao wa simu hutumia masafa maalumu ya redio, na ruta isiyoyafahamu masafa hayo haiwezi kuyasikia. Nchini Kenya, 4G ya Safaricom, Airtel na Telkom hutumia masafa ya megahezi 800, yanayoitwa bendi ya 20, na pia megahezi 1800, bendi ya 3. Faiba ilipoanzisha 4G yake mwaka wa 2017 ilitumia megahezi 700, bendi ya 28, na simu nyingi za wakati huo hazikuweza kuishika. Masafa ya chini kama 700 na 800 husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hivyo aliye mbali na mnara asinunue ruta isiyo na bendi hizo. Baadhi ya vifaa vilivyotengenezewa soko la Marekani havina bendi ya 20. Orodha ya bendi huandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu cha maelezo.

La pili ni kufungwa. Ruta inayouzwa na kampuni ya simu kwa bei ya chini huweza kuwa imefungwa ili itumie laini za kampuni hiyo pekee. Si vibaya kuinunua, mradi mnunuzi anajua. Mtandao huo ukidorora au bando likipanda bei, hataweza kuweka laini nyingine. Ruta iliyo wazi kwa mitandao yote huenda ikagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini humwachia mwenyewe uhuru wa kuhama. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: kwenda dukani na laini mbili za mitandao tofauti na kuomba zijaribiwe kabla ya kulipa.

Kwa mwanafunzi anayeishi peke yake, kuna ruta ndogo za mkononi zenye betri. Hutumika hata stima ikipotea, lakini hubeba vifaa vichache na mawimbi yake hayafiki mbali. Hazifai kwa nyumba ya watu wengi.

Kusoma nambari za boksi

Herufi na nambari kama N300, AC1200 au AX1500 huwatisha wengi, lakini maana yake ni nyepesi. Herufi huonyesha kizazi cha Wi-Fi. N ni Wi-Fi 4, AC ni Wi-Fi 5 na AX ni Wi-Fi 6. Nambari ni jumla ya kasi ya juu kabisa inayoweza kufikiwa katika maabara. Nyumbani, penye kuta na vifaa vingi, kasi halisi huwa nusu ya hiyo au pungufu.

Katika AC1200, jumla hiyo ni megabiti 300 kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na takriban 867 kwenye gigahezi 5. Masafa haya mawili yana tabia tofauti. Ya 2.4 hufika mbali na hupita ukutani kwa urahisi zaidi, lakini yana msongamano: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Ya 5 yana kasi na nafasi zaidi, lakini hudhoofika haraka kila yanapokutana na ukuta.

Kutokana na hayo, uchaguzi unaweza kupangwa hivi:

Nyumba ya chumba kimoja au viwili iliyojitenga, yenye kifurushi cha megabiti 10 hadi 20: N300 hutosha. Kulipa zaidi hakutaongeza kitu kikubwa.

Nyumba ya kupanga iliyo katika jengo lenye wapangaji wengi, kama yale ya Mtwapa: inafaa ruta yenye masafa yote mawili, kuanzia AC1200. Ruta kumi au ishirini za majirani zikishindania chaneli tatu, hata kifurushi kizuri huonekana kibovu. Masafa ya 5 humwondoa mtu kwenye msongamano huo.

Nyumba yenye watu wengi, kazi za mtandaoni na vifaa zaidi ya kumi: Wi-Fi 6, kama AX1500, inaanza kuwa na maana, kwa sababu kizazi hicho kiliundwa kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, faida kubwa hupatikana ikiwa simu na vipakatalishi navyo ni vya kizazi hicho.

Jambo moja hufichika nyuma ya ruta. Tundu la waya huweza kuwa la megabiti 100 au la gigabiti moja, ambayo ni megabiti 1,000. Mwenye kifurushi cha fiba cha megabiti 200 akinunua ruta yenye tundu la 100, nusu ya anacholipia kila mwezi haitapita. Kwa mwenye kifurushi cha megabiti 20, tofauti hiyo haimhusu.

Idadi ya antena si kipimo cha kuaminika. Ruta ya antena nne ya kizazi cha zamani haiishindi ya antena mbili ya kizazi kipya kwa sababu tu ina antena nyingi.

Kuta za matumbawe, mabati na makuti

Nyumba za Pwani zina tabia zake, na ruta haiwezi kuchaguliwa bila kuziangalia. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hupunguza mawimbi kwa kiasi kikubwa, hasa yale ya gigahezi 5. Zege yenye vyuma, kama sakafu ya ghorofa, huyazuia zaidi. Mabati huyarudisha mawimbi badala ya kuyapitisha, kwa hivyo nyumba ya kuta na paa la mabati hufungia Wi-Fi ndani na kuzuia 4G isiingie. Makuti makavu na mbao huleta shida ndogo. Tangi la maji, kioo kikubwa na friji pia ni vizuizi, nayo mikrowevu hutoa mawimbi yaliyo karibu na gigahezi 2.4 inapofanya kazi.

Ruta ya fiba au ya antena ya paa iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati au rafu, mahali pa wazi. Ruta ya laini ya simu iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara. Katika nyumba ya mabati, inafaa kuchagua ruta ya laini yenye tundu za antena ya nje, ili antena ifungwe juu ya paa na waya ushuke ndani. Kabla ya kuhitimisha kwamba ruta ni mbovu, ihamishwe mahali patatu tofauti na ipimwe tena.

Nyumba ikiwa ndefu, au ikiwa na jikoni na vyumba vya vijana vilivyojitenga uani, ruta moja ya bei ghali haitafika kila mahali. Kuna vifaa vidogo vya kurudia mawimbi, lakini vile vya bei ya chini hupunguza kasi kwa karibu nusu, kwa sababu hupokea na kutuma kwa redio ile ile. Njia bora kwa gharama ndogo ni kuvuta waya wa mtandao, ambao hufanya kazi hadi mita 100, na kuweka ruta ya pili ya bei nafuu upande wa pili. Waya unaopita nje uwe wa aina inayostahimili jua na mvua.

Kwa walio karibu na bahari, kama Watamu na Malindi, hewa ya chumvi hula vyuma na viunganishi. Ruta isiwekwe kwenye dirisha lililo wazi, na viunganishi vya antena ya nje vifungwe kwa utepe wa kuzuia maji.

Gharama baada ya kununua

Bei ya ruta hulipwa mara moja, lakini kifurushi na stima hulipwa kila mwezi. Hapo ndipo bajeti huvunjika.

Filamu yenye picha za ubora wa juu hutumia takriban gigabaiti 3 kwa saa. Familia inayotazama saa mbili kila siku itatumia gigabaiti 6 kwa siku, au 180 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu masomo na simu. Bando la laini lenye kikomo cha gigabaiti 50 litaisha siku ya tisa. Familia hiyo ina njia mbili: kupunguza ubora wa picha katika mipangilio ya programu, au kutafuta kifurushi kisicho na kikomo. Hata kifurushi kinachoitwa "bila kikomo" huweza kuwa na kiwango ambacho kikipitwa, kasi hupunguzwa hadi mwezi uishe. Kiwango hicho kiulizwe na kisomwe kwenye masharti.

Kuhusu kasi, Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha za ubora wa juu na 15 kwa zile za 4K. Kifurushi cha megabiti 10 kinaweza kuhudumia televisheni moja na simu kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa familia nyingi hakuna haja ya kuanza na zaidi ya hapo, kwa kuwa kuongeza kifurushi baadaye ni rahisi kuliko kurudisha pesa zilizokwisha lipwa.

Stima nayo ihesabiwe. Ruta inayotumia wati 10 saa 24 kwa siku hutumia uniti 0.24 kwa siku, au uniti 7.2 kwa mwezi. Uniti ikigharimu Sh25, hiyo ni Sh180. Kwa wengi si pesa nyingi, lakini wateja wa nyumbani wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kwa kila uniti, na uniti saba za nyongeza zinaweza kumtoa mtu katika kundi hilo. Kuzima ruta usiku, ikiwa haihitajiki, huokoa karibu theluthi moja ya matumizi hayo.

Stima inapopotea na kurudi ghafla, adapta na ruta huweza kuungua. Soketi yenye kinga ni gharama ndogo ukilinganisha na ruta mpya. Wanaofanya kazi au masomo jioni wanaweza kuongeza betri ndogo ya ruta, lakini volti zake lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye ruta, nazo huwa 5, 9 au 12. Betri ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 huiunguza.

Ruta za mitumba

Ruta iliyotumika inaweza kuwa nafuu ya kweli, kwa sababu kifaa hiki hakichakai haraka kama simu. Mnunuzi aombe iwashwe mbele yake, aunganishe simu yake, na atembee nayo hatua kadhaa kutoka mahali ilipo. Ahakikishe adapta ni yake, kwa maana ya volti na ampea zilizoandikwa chini ya ruta. Kisha airejeshe katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma, ili mipangilio ya mwenyeji wa kwanza ifutike.

Ruta nyingine za mitumba zilikuwa mali ya kampuni za intaneti na zilipaswa kurejeshwa. Hizo huweza kuwa zimefungwa, na anayezinunua hana pa kudai. Nembo ya kampuni juu ya kifaa ni ishara ya kuuliza maswali zaidi.

Wi-Fi isiyolindwa ni mlango ulio wazi

Ruta nyingi hutoka kiwandani na nenosiri la mipangilio linalojulikana na kila mtu, kama "admin". Mwaka wa 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka ruta na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri hayo ya kiwandani, kisha ikavitumia vifaa hivyo kushambulia huduma za mtandaoni. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua lolote. Kwa familia, hatari ya karibu ni jirani kumaliza bando, au mtu kuingia kwenye mipangilio na kuwaelekeza watumiaji kwenye kurasa bandia za benki.

Hatua nne huchukua chini ya nusu saa. Nenosiri la mipangilio libadilishwe siku ya kwanza. Wi-Fi iwekwe ulinzi wa WPA2 au WPA3, na nenosiri lake liwe refu, lisilo nambari ya simu wala jina la mtoto. Kipengele cha WPS, cha kuunganisha kwa kitufe, kizimwe. Programu ya ruta isasishwe, na mnunuzi apendelee aina ambayo mtengenezaji wake bado anatoa masasisho. Ruta nyingi pia zina Wi-Fi ya wageni, ambayo huwapa intaneti bila kuwafungulia vifaa vya nyumbani. Mipangilio ya wazazi, inayozuia baadhi ya tovuti au kuweka saa za kutumia, hupatikana hata katika ruta za bei ya chini.

Katika ploti za kupanga, wakazi wengine huchanga pesa za kifurushi kimoja. Kabla ya kufanya hivyo, masharti ya kampuni yasomwe, kwani mengine hayaruhusu. Kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA. Anayechangia pia akumbuke kwamba kampuni humtambua mwenye akaunti pekee.

Haki za mnunuzi

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inafafanua haki hizo. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinapaswa kuidhinishwa na CA, na bidhaa kutoka nje hukaguliwa chini ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya ruta ndiyo silaha ya kwanza ya mnunuzi. Bila hiyo, waranti ni maneno matupu. Huduma ya intaneti ikiwa mbovu, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni na nambari ya malalamiko huwekwa. Yasiposhughulikiwa, hupelekwa CA. Duka likimdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, intaneti ya nyumbani itatoka kwa fiba, antena, laini ya simu au setilaiti, na ruta hii ni ya njia hiyo?
2. Je, kampuni ya intaneti inatoa ruta yake? Ni ya kumilikiwa au ya kurejeshwa?
3. Ikiwa ni ya laini, ina bendi za mtandao uliofanya vizuri katika jaribio la nyumbani?
4. Je, iko wazi kwa mitandao yote? Imejaribiwa kwa laini mbili?
5. Kasi ya kifurushi ni ngapi, na tundu la waya linaihimili?
6. Je, majirani ni wengi kiasi cha kuhitaji masafa ya gigahezi 5?
7. Kuta ni za nini, na ruta itakaa wapi?
8. Bando la mwezi ni la gigabaiti ngapi, na likipitwa hutokea nini?
9. Adapta ni ya volti ngapi, na kuna kinga ya stima?
10. Waranti ni ya muda gani, na imeandikwa kwenye risiti?

Mkazi mwenye majibu ya maswali haya mara nyingi hupata kwamba ruta inayomfaa si ile ya bei ya juu dukani. Asiye na jibu la swali la kwanza na la tatu ni heri asubiri siku mbili, apime kwa simu, kisha arudi dukani.